Shahidi wa Mwezi

Kwa miaka mingi, watu wa msikiti wetu mdogo pale Bungoma mjini hawakuwa wakiusubiri mwezi. Walikuwa wakimsubiri Mzee Mohamud auone.

Misikiti mingine husikiliza tangazo la redio, na hakuna ubaya. Sisi tulirithi desturi ya wazee waliojenga msikiti wetu: mwezi ukionekana hapa na mashahidi wakaaminika, tunaufuata huo. Mohamud alikuwa na duka la magodoro, blanketi na mapazia lililopakana na chumba changu cha kushonea. Baba yake, Msomali, alikuja zamani na malori ya ng'ombe, akaoa, akabaki. Mohamud mwenyewe alizaliwa hapa, na wateja kutoka Myanga na Mabanga walipenda kununua kwake kwa sababu aliwatania kwa Kibukusu kilichonyooka kuliko cha watoto wao. Ujanani macho yake yalikuwa ya ajabu. Alisimama mlangoni akakusomea namba ya lori kabla wewe hujajua kama ni lori au basi. Mwezi mwandamo aliunyooshea kidole wakati wengine bado wanauliza ni upande gani. Basi akawa shahidi wetu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea.

Mengi ya haya nimeyapata kwake mwenyewe, tukiwa tumekaa nje ya maduka yetu mchana wateja wakiwa wachache. Mengine niliyaona.

Mtoto wake wa mwisho, Hibo, alisomea matibabu ya macho na akaajiriwa katika hospitali moja huko Kitale. Kila mteja aliyeingia dukani alisikia kwamba Mzee ana binti daktari, ingawa Hibo mwenyewe kila akija alimsahihisha kwamba yeye si daktari, ni afisa wa matibabu tu. Mzee alimkubalia, kisha mteja wa pili akiingia anasema daktari.

Halafu Hibo akaacha kuswali. Mama yake, Fadumo, ndiye aliyegundua kwanza, maana binti akija nyumbani mwisho wa wiki, mkeka wake ulibaki umekunjwa pale pale ulipoachwa. Fadumo alinyamaza, akitumaini ni uchovu wa kazi. Lakini jioni moja Sheikh Shafi, imamu wetu, alikuwa amealikwa chakula, na Mulki, dada yake Mzee, alikuwapo pia. Walipomaliza kuswali magharibi, Mulki akamuuliza mtoto wa kaka yake mbele ya wote kwa nini yeye hakuinuka. Mwanamke ana udhuru wake, na Hibo angetaja huo, hakuna ambaye angeendelea kuuliza. Hakuutaja.

"Siswali kwa sababu siwezi kusema yale maneno," alisema polepole, akimtazama baba yake. "Tunasema nashuhudia. Mimi kazini nikiandika nimeshuhudia kitu, lazima nikuwe nimekiona. Mungu sijamwona, Aabo. Sisemi hayuko. Nasema sijui. Na nikisema najua, nitakuwa shahidi wa uongo."

Mzee aliweka kikombe chini. Alimwambia kwamba imani ni kwa kile usichokiona. Kama ungekiona, ungebaki kuamini nini? Alisema hata yeye hajamwona Mungu, na baba yake hakumwona, na hawakuhitaji kumwona.

"Basi tungesema naamini," Hibo akajibu. "Mbona tunasema nashuhudia?"

Sheikh Shafi alitabasamu. Yeye ni mtu mpole, na alijaribu kuyatuliza mambo: alisema swali hilo limeulizwa na wakubwa kabla yake, kwamba kuna ushahidi wa macho na kuna ushahidi wa moyo, na kwamba Hibo aje siku moja wakae wazungumze. Pengine hilo lingetosha. Lakini Mzee hakuwa anasikiliza tena. Mtoto ambaye yeye alimsifu mbele ya mji mzima alikuwa amekaa kwenye kochi lake, mbele ya imamu wake, akidai ushahidi wa Mungu kama mtu anayedai risiti. Alimwambia asirudi katika nyumba hiyo mpaka siku atakapoweza kuyasema maneno yale.

Asubuhi Hibo aliondoka kwenda Kitale. Hakugombana na hakulia. Tangu hapo akawa anazungumza na mama yake kwa simu, Fadumo akijifungia jikoni na kufungulia mfereji ili mumewe asisikie. Lakini Mzee alisikia yote. Masikio yake yalikuwa yameanza kunoleka, kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha.

Hilo hakumwambia mtu. Lilianza kama moshi mwembamba, akadhani ni vumbi la dukani. Moshi ukazidi kuwa mzito. Akajifunza kuwajua wateja kwa sauti na kwa namna wanavyotembea. Mapazia aliyapanga kwa utaratibu wake ili mkono ujue bluu iko wapi na nyekundu iko wapi. Mtu akimpa karatasi asome, anasema amesahau miwani, na sisi tulicheka kwa sababu hatukuwahi kumwona na miwani. Alijua ni ugonjwa wa mtoto wa jicho; mama yake mzazi alikuwa nao. Alijua pia kwamba unatolewa. Ila hospitali aliyoijua ya kuutoa ilikuwa Kitale, na Kitale palikuwa na Hibo. Angeingiaje mlangoni, yeye aliyemfukuza, aseme nishike mkono sioni? Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo aliona haya hata kujiambia mwenyewe: mzee wa mwezi asiyeona ni nani?

Mwezi wa kuanzia Ramadhani ulionwa na wengi kabla yeye hajanyoosha kidole. Jioni ya siku ya ishirini na tisa, tulitoka kama kawaida kwenda uwanja wa shule ulio nyuma ya msikiti. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na upande wa Malaba, jua linakotua, mawingu yalikuwa yamelala tabaka kwa tabaka, na uwazi mdogo katikati. Mzee alisimama mbele yetu na kanzu yake nyeupe. Alikaa akitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Baadaye aliniambia kwamba alichoona ni weupe tu, na kwamba aliutafuta mwezi kama mtu anayetafuta sindano ndani ya maziwa.

Tulikuwa tumefunga mwezi mzima, tumechoka, wanawake wamesimama ukutani wakitaka kujua kama wanarudi nyumbani kuandaa daku kama kawaida au kuchinja kuku wa sikukuu. Mtu mmoja nyuma akasema kwa utani, "Leo Mzee anatafuta. Si yeye huwa hatafuti?" Watu wakacheka kidogo. Hapo Mohamud akanyoosha kidole.

"Ule pale," alisema. "Chini ya lile wingu."

Aliniapia kwamba hakupanga. Kwa hesabu yake ya siku nyingi, kwa jinsi mwezi uliopita ulivyoandama, mwezi ulitakiwa uwe pale. "Nilikuwa na hakika upo," aliniambia. "Nilichokosa ni kuuona tu."

Kando yake alisimama Zahid, kijana anayetengeneza simu karibu na stendi. Alikuwa amebana jicho moja, akafuata kile kidole mpaka mwisho wake. "Nauona," akasema. "Wallahi nauona, mwembamba kama uzi." Sisi wengine tukasukumana kutazama, lakini wingu lilikuwa limeshuka na uwazi umefungika. Mimi sikuona kitu. Nilijiambia ni macho yangu, yamechoka kwa kushona.

Sheikh Shafi akafanya kama inavyotakiwa. Kwa mwezi wa kufungulia anataka mashahidi wawili. Alimuuliza Zahid kama anashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba ameuona mwezi, na Zahid akasema anashuhudia. Akamgeukia Mzee, akamuuliza vilevile. Mzee alichelewa kidogo tu, kama mtu anayemeza mate.

"Nashuhudia," akasema.

Tukapiga takbira, wanawake wakapiga vigelegele, na kila mtu akaenda zake kuandaa sikukuu. Baada ya isha redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana mahali popote nchini na kwamba kesho yake watu wanakamilisha siku ya thelathini. Wachache wetu walishtuka. Wengi tulisema mawingu ya nchi nzima hayakumzuia Mzee Mohamud, na tulisema hivyo kwa majivuno. Kesho yake tukaswali Idi, tukala pilau, tukawavalisha watoto nguo mpya, huku ndugu zetu wa misikiti mingine wakipita barabarani midomo imekauka kwa saumu. Tuliwaonea huruma. Mzee alikaa mbele ya sahani yake nyumbani kwake, akawa anaikusanya na kuitawanya pilau kwa kijiko, mpaka Fadumo akamuuliza kama anaumwa.

Jioni ya siku hiyo mwezi ulitoka waziwazi, mbingu safi. Tulikuwa tumekaa nje ya maduka. Mtu anayejua mwezi anajua kwamba wa siku mbili huwa na mwili na hukaa juu kidogo. Huu ulikuwa uzi mtupu, na haukukawia kuzama. Tuliutazama sote na hakuna aliyesema neno. Tulimheshimu Mzee kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuuona hata huo. Alichosikia ni mazungumzo yakikatika kote barazani kwa wakati mmoja, na akaelewa watu wanatazama nini.

Baada ya Idi aliendelea kuuza magodoro. Lakini msikitini alihama kutoka safu ya mbele, akawa anaswali karibu na mlango, na ukimuuliza anasema mbele kuna joto. Usiku hakulala vizuri. Alijua sheria. Kila aliyekula siku ile alikuwa na deni la siku moja kwa Mungu, na hakuna aliyejua kwamba anadaiwa isipokuwa yeye. Angenyamaza, wangekufa nalo. Angesema, angekufa yeye kwa fedheha. Akanyamaza.

Kilichomtoa ni mtaro. Mbele ya maduka yetu kuna mtaro wa maji ambao ameuruka maisha yake yote. Asubuhi moja aliukanyaga hewani, akaanguka, paji la uso likapasuka kwenye ukingo wa saruji. Nilitoka mbio na kipande cha kitambaa nikamfunga. Fadumo alipofika hakuuliza chochote. Alipitisha kiganja mbele ya macho ya mumewe, taratibu, akaona hayafuati. Akapiga simu Kitale papo hapo mbele yetu, bila mfereji wowote kufunguliwa.

Nehemiah, anayeuza chakula cha kuku mkabala na sisi, alijitolea kuwapeleka kwa gari lake. Ni Mkristo wa kanisa la Friends, mtu asiye na haraka, na tangu Webuye mpaka Misikhu na kuendelea alimsimulia Mzee habari za mahindi yaliyomo mashambani pande zote mbili za barabara, yalivyoota, yalivyopigwa na viwavi, kwa sababu alijua abiria wake hayaoni. Mzee alimshukuru kila mara. Kadiri walivyokaribia Kitale ndivyo baridi ilivyozidi, na Mzee akaanza kujifunika shali ya mkewe magotini, akitetemeka zaidi ya baridi ile.

Hospitalini hakupimwa na binti yake. Alipimwa na mwenzake Hibo, mama mmoja anayeitwa Jepkorir, mwenye sauti ya kuchangamsha, asiyejua lolote kuhusu misikiti ya Bungoma. Hibo alisimama pembeni na faili. Walikuwa wamesalimiana mlangoni: yeye alisema, "Karibu, Aabo," na baba yake akaitikia, basi.

Jepkorir alimwonyesha ubao wenye alama akamwambia aonyeshe kwa mkono miguu ya alama inatazama wapi. Mzee hakuonyesha. Akamsogeza karibu, bado. Akaacha ubao, akainua vidole mbele ya uso wake akamuuliza ni vingapi. Mzee akasema viwili. Vilikuwa vinne. Kisha Jepkorir akamulika taa ndani ya macho, moja moja, akaguna kwa upole.

"Hii imeiva sana, Mzee," alisema. "Hii si ya juzi. Umekaa tangu lini ukiwa huoni?"

Mzee alisikia kalamu ya Hibo ikikwaruza karatasi. Alifikiria kusema imeanza baada ya Ramadhani. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amekwisha kuona ndani ya jicho lake, na binti yake anajua kusoma jicho kama yeye anavyojua kitambaa.

"Tangu mwaka jana, Idi ilipopita," akasema.

Kalamu ikasimama. Fadumo, ambaye siku ya Idi alimpigia binti yake simu kumwambia kwamba baba yake ndiye aliyeuona mwezi peke yake nchi nzima, aliinamisha kichwa. Jepkorir akaendelea kueleza habari za upasuaji, kwamba ni mdogo, kwamba wataanza na jicho la kulia. Kalamu ikaanza kuandika tena.

Alipasuliwa kesho yake. Siku ya kufunguliwa bandeji, kitu cha kwanza kilichomjia ni rangi ya ukuta, kijani, na akashangaa kwamba kijani kilikuwa kikali hivyo. Cha pili kilikuwa uso wa Hibo. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo baba yake hakuijua. Hibo alimtazama jicho akasema limekaa vizuri, kwa sauti ile ile anayowaambia wagonjwa wote.

Walikaa kwake siku chache, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na hospitali. Hibo alimhudumia baba yake vizuri: alimtia dawa jichoni kwa saa zake, alimchemshia chai ya tangawizi, alimwekea kiti juani asubuhi kwa ajili ya baridi. Hakutaja mwezi. Mzee alingoja autaje. Aliniambia kwamba kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kisu cha daktari. Kama angemkaripia, angejua pa kusimama. Asubuhi ya tatu, Fadumo akiwa amekwenda sokoni, hakuweza tena.

"Kwa nini husemi?" alimuuliza.

"Niseme nini, Aabo?"

"Unajua nilichofanya."

"Najua," Hibo akasema. Alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja akakimaliza. "Lakini hiyo si yangu kusema. Ni yako."

Mzee akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu aliponisimulia. "Mungu sijawahi kumwona," alisema, "na hilo sikuwahi kulionea haya. Niliona haya kusema sijauona mwezi."

Hibo aliweka kisu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mimi nilikataa kusema uongo mbele ya Mungu ambaye sina hakika kama yuko. Ukanifukuza. Wewe ukasema uongo mbele ya Mungu ambaye una hakika yuko. Tangu ile siku ya kupimwa najiuliza, Aabo, kati yetu wawili, nani anamwogopa?"

Mzee aliniambia kwamba katika maisha yake ametukanwa na madereva wa malori, na hakuna tusi lililowahi kumwingia namna ile, kwa sababu halikuwa tusi. Lilikuwa swali, na alilijua jibu lake. Alimwomba msamaha kwa kumfukuza. Hibo akasema amesamehe. Akamwomba msamaha kwa lile jingine, naye akasema hilo hana uwezo nalo, aende kwa wenyewe.

Aliporudi Bungoma alikwenda kwanza kwa Sheikh Shafi nyumbani kwake. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. Aliumia, maana ni yeye aliyeupokea ushahidi ule mbele ya watu. Lakini bado alimhurumia mzee mwenzake, akampa njia nyepesi: waambiwe watu kwamba macho ya Mzee yalikuwa na ugonjwa asioujua, kwamba alidhani ameona, na kwamba kwa tahadhari kila mtu alipe siku moja. Watu wangelipa siku yao, na heshima ingebaki. Mohamud aliitamani njia ile. Alikiri kwangu kwamba alikwenda nayo mpaka getini. Kisha akarudi, akamwambia Sheikh kwamba hawezi kuutengeneza uongo kwa uongo mwingine.

Ijumaa, baada ya swala, Sheikh Shafi alituomba tusiondoke. Mohamud akasimama karibu na mlango alipokuwa amezoea kuswali, na kitambaa cheupe bado kimefunika jicho lake la kulia kuzuia mwanga. Sheikh akamwita mbele. Kutoka mlangoni mpaka mbele ni hatua chache, lakini alichukua muda mrefu.

Hakusema mengi. Alisema kwamba jioni ile hakuuona mwezi. Alisema hakuwa anaona chochote, kwa muda mrefu, na alijua haoni. Alisema alisimama akaapa kwa Mungu kwa sababu aliona haya mbele yetu. Kila mmoja wetu ana siku ya kulipa, na ni yeye aliyetuingiza katika deni hilo. Kisha akaomba radhi na kunyamaza, mikono inaning'inia, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu asijue kama ameruhusiwa kukaa.

Hakuna aliyempigia kelele. Nadhani alitamani tumpigie. Watu walikuwa wanatazama mkeka. Mimi pia niliutazama mkeka, kwa sababu nilikumbuka kwamba jioni ile sikuona kitu, na nikajiambia nimeona kupitia yeye. Kisha ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia la wanawake. Ilikuwa sauti ya Mulki, dada yake mwenyewe. Mume wa Mulki alikuwa amefariki wiki kadhaa baada ya Idi.

"Na aliyekufa kabla hujatuambia," aliuliza, "siku yake ataifunga nani?"

Sheikh Shafi ndiye aliyejibu, kwamba aliyekula kwa kuamini ushahidi hana dhambi, na kwamba familia ikipenda inaweza kumlipia. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini Mulki hakuwa amemuuliza Sheikh. Mzee akasema atamfungia shemeji yake siku hiyo yeye mwenyewe, na Mulki hakusema ndiyo wala hapana.

Zahid alikuwa ameondoka kabla hatujamaliza. Jioni Mzee alimfuata kwenye kibanda chake cha simu, na mimi nilimsindikiza kwa sababu ya jicho. Kijana hakuinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua. Mzee alimwambia kwamba amekuja kumwomba radhi zaidi ya wengine, maana yeye alimfanya aape.

"Ulinifanya?" Zahid akasema. "Mzee, mimi niliuona. Hata sasa nikifumba macho nauona, uko pale. Saa hii unaniambia haukuwapo." Alichukua bisibisi ndogo, akairudisha chini. "Sasa nikae nikijiuliza, vitu vingine vyote ninasema naviamini, nimeviona ama nimefuata tu kidole ya mtu?"

Mzee alisimama pale mpaka mteja akaja, tukaondoka. Zahid hakuonekana msikitini kwetu kwa muda. Baadaye nilisikia anaswali katika msikiti mwingine, kwa wenye kufuata redio, na nikafurahi kwamba angalau anaswali, nami nikamwambia Mzee, lakini halikumpunguzia kitu.

Tulilipa siku yetu. Wengine walifunga Jumatatu, wengine Alhamisi, kila mtu kivyake. Mohamud alifunga yake, akafunga ya shemeji yake, na sijui alifunga nyingine ngapi. Sheikh alimteua mtu mwingine wa kuangalia mwezi pamoja na kusikiliza tangazo, na hakuna aliyepinga.

Hibo alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Hakuwa ameanza kuswali, na baba yake hakumuuliza. Wakati wa adhana Mzee alichukua mkeka wake, binti akapunguza sauti ya runinga, basi. Fadumo alipika, wakala pamoja, wakazungumza habari za jicho la kushoto na lini litapasuliwa. Kuna wakati Hibo alimuuliza kama bado ana hakika kwamba Mungu yuko. Alimjibu kwamba anaamini kama zamani, lakini siku hizi akisema anaamini anajua kwamba hajasema anaona. Hibo alitikisa kichwa kukubali, au pengine kuonyesha amesikia tu. Mzee hakuweza kutambua, wala hakutaka kubahatisha.

Jioni alimsindikiza kwenda kupanda gari la Kitale. Walipita mbele ya duka langu wakanisalimia, wakaendelea kando ya barabara. Zamani Mzee akipita njia hiyo alisalimia kila kivuli na kuitikiwa, na aliamini mji mzima unamchekea. Sasa jicho la kulia lilikuwa linaona vizuri. Aliona mtu mmoja wa safu ya mbele akivuka kwenda upande wa pili. Aliona mwanamke akimvuta mtoto na kugeuza uso kuelekea kwenye ndizi ambazo hakuwa ananunua. Aliona wawili wakinyamaza alipokaribia. Hibo aliviona vyote hivyo pia, akamshika baba yake kiwiko.

Mzee Mohamud akawasalimia mmoja mmoja, kwa jina, akapita.